Vihenge Visivyo na Jina

Jumanne baada ya Pasaka, Tusekile aliingia kazini na chupa yake ya chai na viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, akavuta kiti, akaandika amri aliyoiandika kila asubuhi:

ghala("Ntokela").hali()

Kwa kawaida kiolesura kilimjibu kwa mstari mmoja wa kijani, naye akaendelea kumenya kiazi. Siku hiyo mstari ulitoka mwekundu. Ghala lilikuwa limebakiza nafasi ndogo, na nafasi yenyewe ilizidi kupungua huku akiitazama.

"Pasaka hiyo," alisema peke yake, akakifunga tena kitambaa.

Mgeni wa huku kwetu Rungwe angeuliza Pasaka inaingiaje kwenye kompyuta. Inaingia vizuri tu. Ghala la Ntokela ndilo linalotunza wakumbushi wa wazee wa milima yote hii. Mzee akianza kusahau, akamwita mjukuu kwa jina la marehemu, akaacha maji ya chai yakaukie jikoni, anapewa mkumbushi, kidude cha kuvaa nyuma ya sikio, na huku ghalani anafunguliwa mashine pepe yake. Hiyo ni kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya seva kubwa pamoja na wenzake wengi, kila mmoja na chumba chake kama wapangaji wa nyumba moja. Mashine husikiliza anachosikia mzee, hukiweka, na inapohitajika humnong'oneza: huyu ni mtoto wa Lugano, dawa umeshameza, mkeo alitangulia. Kila mashine ina kihenge chake cha kumwagia inachokiweka. Ghala ni vihenge hivyo vyote kwa pamoja, na Tusekile ndiye aliyekuwa mtunzaji wake.

Sasa Shirika lenye ghala hili lilipoanza kazi hiyo lilimwahidi kila mzee kihenge kikubwa, nalo halikuwa na diski za kutosha endapo vyote vingejaa. Lilifanya kama mwenye harusi anayegawa kadi nyingi kuliko viti, akijua si wote watakaokuja. Kwa miaka mingi hawakuja. Lakini Pasaka ile watoto walirudi kutoka Dar, Mbeya na Lusaka, wakaenda na wazee makaburini alfajiri kama Wamoraviani wanavyofanya, wakaimba, wakala, wakapiga soga mpaka sauti zikakauka, na wakumbushi wakaweka kila sura na kila wimbo. Wenye kadi wote walikuja siku moja.

Ghala likijaa kabisa, mashine zote husimama. Tusekile hakutaka hata kuliwazia hilo: maelfu ya wazee, wengine wako njiani, wengine wana panga mkononi katikati ya migomba, wote wakijiuliza kwa mara moja wako wapi na ni kina nani.

*

Alimpigia Injinia Kokushubila, mkuu wake, aliyekuwa Dodoma. Injinia hakuwa mtu mbaya, nalisema mapema kabla hujaanza kumchukia. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema lori lenye diski mpya lililala Makambako, lingefika Ntokela mchana ukungu wa Isyonje ukiliruhusu. Tatizo ni kwamba ghala lisingevumilia hadi mchana. Kwa hiyo mayatima waondoke.

Mayatima, kwa lugha ya kazi yao, ni vihenge visivyo na jina. Kuna wakati wezi walikuwa wakiiba kumbukumbu za wazee, siri za mipaka ya mashamba na za ndani ya familia, wakizificha kwenye vihenge visivyojulikana ni vya nani. Tume iliyoundwa kuwazuia ikatunga sheria, na sheria ikaandikwa ndani ya kiolesura chenyewe ili asipatikane mkubwa wa kuipindisha. Ghala likigeuka jekundu, kila kihenge kisicho na jina hujifuta saa kumi na mbili jioni, na mtunzaji ana ruhusa ya kukifuta mapema zaidi. Kinachokiokoa ni kimoja tu: jina litamkwe, kwa sauti ya mwenye kihenge au ya ndugu yake wa damu.

"Wafute sasa hivi, dada Tuse," Injinia alisema. "Vile havina mtu. Wenye watu ndio wanaokutegemea."

Tusekile aliitikia, simu ikakatika. Hakusema kwamba kimoja kati ya vile kina mtu, na kwamba mtu huyo ameamkia uji alioupika yeye mwenyewe.

Hapa inabidi nikueleze desturi, maana bila desturi hutamwelewa, utamwona mzembe. Kwetu mkamwana hatazamani na baba mkwe wake. Hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja, hazungumzi naye, na jina lake halitoki mdomoni mwake hata akiwa peke yake shambani. Wengi wameiacha desturi hiyo, na wachungaji wamehubiri dhidi yake vya kutosha. Lakini Tusekile aliolewa kwenye boma lililoishika, na alipoishika siku ya kwanza hakuona sababu ya kuiachia. Aliiona ni heshima waliyopeana watu wawili, na heshima hiyo ilikuwa tamu kwake.

Mumewe, Ipyana, alikuwa mtoto pekee wa mzee yule aliyeamkia uji. Mungu hakuwajalia watoto. Kisha Ipyana akafa kwa homa ya ini, na bomani wakabaki watu wawili wasioweza kusemezana. Tusekile alijua kikohozi cha mzee, alijua anavyocheka akisikiliza mpira redioni, alijua hapendi chumvi nyingi. Uso wake hakuujua vizuri. Alipika, naye Sekela, jirani aliyeolewa ukoo huo huo lakini ambaye umri ulikuwa umemwondolea baadhi ya masharti, akabeba chakula na kukipeleka. Sekela akirudi na sahani alikuwa na ujumbe ule ule kila jioni: "Amesema, mwambie aliyepika kwamba nimeshiba." Ujumbe huo ulimtosha Tusekile hadi kesho yake.

Mzee alipoanza kusahau, Tusekile ndiye aliyempatia mkumbushi, maana hakukuwa na mwingine. Alifungua kihenge kwa mkono wake. Kiolesura kikauliza jina la mwenyewe. Vidole vyake vikakataa kuandika kile ambacho mdomo ulikuwa umekataa maisha yote, akaacha wazi, akajiambia atamwomba mtu aje ajaze. Kazi zikamzidi, mzee akaendelea vizuri, na nafasi ile ikabaki tupu.

*

Aliita vihenge vyote visivyo na jina. Vilikuwa vingi kuliko alivyotarajia, vimejaa skrini nzima na kuendelea chini. Akaandika amri ya kufuta, ila kabla ya kuikamilisha akaongeza neno moja mwishoni:

ghala("Ntokela").vihenge(jina = tupu).futa(isipokuwa = "K-417")

Hiyo K-417 ndiyo ya mzee wake. Hakuna ambaye angejua. Kihenge kimoja kisingejaza ghala, na jioni ikifika angekuwa ameshapata njia ya kukipa jina. Alijisikia vibaya kidogo, kama mtu anayechota maji kabla ya foleni, lakini alikuwa tayari kujisikia vibaya.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Atuganile, mlinzi wa getini, mama wa makamo mwenye koti la mvua linalomfika miguuni. Walisalimiana. Atuganile hakuondoka, akabaki akikung'uta maji kwenye kofia.

"Nimeona taa nyekundu juu ya paa," alisema. "Mnafagia leo?"

Tusekile akakubali.

"Kile cha baba mkwe wangu hakitaguswa, siyo?"

"Anaitwa nani, nikuangalizie?"

Atuganile akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu na mwenzake anayejua. "Sasa na wewe, mama. Hilo unaniuliza mimi?"

Tusekile akaondoa mkono kwenye kibodi.

Atuganile akaeleza, bila haraka, akidhani anaeleza jambo dogo. Siku ya kumwandikisha, mumewe alikuwa machimboni Chunya. Alimpeleka mzee yeye mwenyewe. Binti wa Shirika, mtoto wa Dar, alimuuliza jina, naye Atuganile akanyamaza. Alipoulizwa tena, akasema litajazwa baadaye. Mzee naye siku hiyo hakuwa akijikumbuka. Binti akasema sawa, akabonyeza, akaita anayefuata. "Na anayefuata alikuwa mkamwana vile vile," Atuganile alisema. "Foleni nzima ilikuwa ya sisi. Nani mwingine angewapeleka wazee hao? Vijana wako mbali. Wengi waliacha wazi, mama. Tulikuwa tunachekeana pale."

Tusekile aliigeukia skrini. Safu zile ndefu zilizoachwa wazi, ambazo Dodoma waliziita mayatima na yeye mwenyewe muda mfupi uliopita alitaka kuzifuta, hazikuwa za wezi wala za watu waliotelekezwa. Zilikuwa za wazee waliotunzwa kuliko wote, wenye wakamwana waliowaheshimu kiasi cha kutowaandika. Alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe kimoja.

*

Alimweleza Injinia Kokushubila kwa simu. Injinia akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kama kweli watu wazima wanaweza kuacha jina la mgonjwa kwa sababu hiyo. Tusekile akasema wanaweza, na kwamba mmojawao ndiye anayezungumza. Injinia akauliza ana hakika gani kuwa vyote ni hivyo.

"Sina hakika," Tusekile alisema. "Lakini na wewe huna hakika kwamba havina watu. Kati ya sisi wawili, bora nikosee mimi."

Injinia akavuta pumzi. Alisema hana uwezo wa kuizuia saa kumi na mbili. Sheria hiyo alishiriki kuitunga mwenyewe na alihakikisha haizimiki. Kabla ya saa hiyo, Tusekile afanye anachojua, mradi ghala lisijae.

Njia ilikuwepo moja. Mashine iliyositishwa haiandiki chochote. Hulala na kihenge chake kikabaki vile vile. Kusitisha mashine yenye jina kunahitaji ridhaa ya mwenyewe kwa sauti yake, na ridhaa za maelfu ya watu hazikusanywi asubuhi moja. Zisizo na jina hazina ulinzi huo. Mtunzaji akitaka anazilaza zote kwa amri moja, na ghala lingepumua hadi lori lifike.

Ila kulaza mashine ni kumnyamazisha mkumbushi sikioni mwa mzee. Wazee wale, ambao hawakuulizwa lolote, wangeshinda kutwa bila kujua majina yao wala nyumba zao, ili wengine wenye majina waendelee kujua. Tusekile aliitafuta haki katika jambo hilo, hakuiona yote. Aliona tu kwamba hofu ya siku moja inaweza kuliwazwa na mtu aliyekaa karibu, na kufutwa hakuliwazwi na yeyote.

Atuganile alikuwa bado amesimama nyuma yake. Tusekile alifuta neno "futa" akaandika "sitisha". Mwishoni mwa mstari, isipokuwa ile ya K-417 ilikuwa bado imekaa pale. Aliitazama. Alimfikiria mzee akitoka nje na fimbo yake, akifika njia panda ya mashamba ya chai, akisimama. Machozi yakamlenga. Kisha akawaza atamwambia nini Atuganile, ambaye mzee wake analazwa sasa hivi mbele ya macho yake na ambaye hakuomba apendelewe.

Aliiondoa K-417 kwenye amri, herufi moja baada ya nyingine.

"Waambie wenzako wakae karibu na wazee," alisema. "Wasiwaache wenyewe hata kidogo. Na waite watoto wao wa kuwazaa, waje wataje majina. Kabla ya saa kumi na mbili."

Atuganile alishatoa simu. Tusekile akampigia Sekela kwanza, akamwambia ahamie kwa mzee na kusuka mkeka wake huko huko. Ndipo akabonyeza.

*

Kama kuna kitu kinachokwenda kasi kuliko kiolesura, ni kikundi cha akina mama wa kanisa chenye jambo la kushughulikia. Haikufika saa sita uwanja wa ghala ulikuwa na watu. Wakamwana walikuja wakiwaburuta mawifi zao, mabinti wa wale wazee, na kwa kuwa mawifi na wake za kaka zao hawapikiki chungu kimoja, walikuja wakinuniana. Mmoja alilalamika kwamba hajasemeshwa tangu Krismasi na leo ndiyo anaonekana wa maana. Walioko mbali walipigiwa simu. Mashine ilipima sauti zao na kuzilinganisha na sauti zilizoko ndani ya kihenge, ikatambua damu. Atuganile alimpata mumewe machimboni, katikati ya kelele za mashine za kusaga mawe, akamfokea aingie mahali patulivu amtaje baba yake.

Kila jina lilipotamkwa, wakamwana waliangalia pembeni, wengine wakaziba masikio na kanga huku wakicheka. Kwenye skrini ya Tusekile nafasi zilizokuwa wazi zilijazwa, moja moja, na mashine ziliamka polepole, kiasi ghala lilichoweza kubeba. Simu zilipigwa kutoka vijijini: mzee ameuliza chakula, mzee anagomba kwa nini watu wamemzunguka. Tusekile alicheka nao. Alifurahi kweli, ingawa kila jina lilipoingia alihesabu pia lile lisiloingia.

Alijaribu kulitamka yeye, wakati watu walipopungua. Alijifungia ndani, akasogeza kinasa sauti, akakaa mdomo umefungwa. Kiolesura kilisubiri, kisha kikamkumbusha kwa maandishi kwamba sauti inayotakiwa ni ya mwenye kihenge au ya ndugu wa damu. Kwa hiyo hata angethubutu isingefaa kitu. Ndugu zake mzee wote walikwisha lala makaburini, mwanawe naye. Damu yake yote iliyobaki ilikuwa ndani ya mwili wake mwenyewe.

Lori likafika alasiri, limetapakaa tope hadi kwenye vioo. Mafundi wakaingiza diski, Tusekile akaliandikia ghala amri za kulitanua, mstari ukarudi kijani. Watu walipiga vigelegele. Nafasi sasa ilikuwepo ya kumtosha kila mtu, lakini sheria haikujali nafasi. Kihenge kilichohesabiwa yatima hubaki yatima hadi kitajwe. Vichache vilibaki ambavyo hakuna aliyevijia, na pengine hivyo vilikuwa vya wezi kweli. Katikati yake ilikuwepo K-417.

Simu ya Sekela ikaingia. Alisema mzee alitulia asubuhi, lakini sasa anaomba aende kwao. Ameambiwa hapa ndipo kwao, hakubali. Anauliza yeye ni nani. "Nimwambie nini?" Sekela aliuliza. "Nimemwambia Baba Ipyana, anasema hamjui Ipyana. Lile jina lenyewe mimi siwezi, unajua. Nikimfuata mzee wa kanisa ng'ambo ya mto aje alitaje yeye, mvua hii, nitarudi giza limeingia."

Tusekile aliangalia saa ya ukutani. Alichukua kishikwambi cha kazi, akakifunika ndani ya koti, akamwomba Atuganile pikipiki yake.

*

Nyumba ya mzee ilikuwa na mlango mmoja mkubwa, na Tusekile hakuwahi kuuvuka tangu aolewe. Alisimama nje, chini ya ukingo wa bati, maji yakimdondokea begani. Ndani kulikuwa na moto. Sekela alikuwa kwenye kigoda, mkeka wake mapajani, na ng'ambo ya moto, juu ya benchi, alikaa mzee mwembamba aliyejifunga blanketi, akitazama mikono yake kana kwamba amekabidhiwa ya mtu mwingine.

Hofu aliyokuja nayo Tusekile njia nzima ilikuwa kwamba mzee asiyejijua hatajua tena heshima yao. Angemtazama usoni, kama anavyomtazama mtu yeyote, na miaka yao yote ya kukwepana kwa upole ingekuwa imefutika bila kuhitaji amri.

Sekela akasema kwamba mama wa nyumba kubwa, yaani Tusekile, amekuja. Mzee akainua kichwa, akaona kivuli cha mwanamke mlangoni. Hakujua jina lake mwenyewe, hakujua nyumba yake wala mwanawe. Lakini aligeuka polepole kwenye benchi, akaupa mlango mgongo, akavuta blanketi hadi usoni.

Tusekile akalia. Hakuzuia. Aliona kwamba ghala halikuwahi kuishika hiyo, wala mkumbushi hakuwahi kumnong'oneza. Ilikuwa mwilini mwake.

Na sasa yeye ndiye alitakiwa kuivunja. Akipiga magoti pale nje, kwenye maji, alikiweka kishikwambi kizingitini na kukisukuma ndani, kinasa sauti kikiwa wazi. Kona ya skrini ilionyesha muda uliobaki, nao ulikuwa mfupi.

"Baba," alisema.

Blanketi halikusogea.

"Baba, nisamehe. Jina lako ni Asangalwisye."

Lilitoka zima, bila kukwama. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jina tu, zuri, la kanisani. Sekela aliacha kusuka. Moto ulilia kidogo.

"Nani?" mzee aliuliza, akiuelekea ukuta.

"Wewe. Asangalwisye, baba yake Ipyana. Mimi ni mkamwana wako. Kitajie hicho kidude jina lako, baba. Nakuomba."

Mzee alilijaribu kwa pumzi kwanza, bila sauti, kama mtu anayeingiza mguu kwenye kiatu cha zamani kuona kama bado kinamwingia. Sekela alikisogeza kishikwambi karibu na benchi kwa ncha ya fimbo.

"Asangalwisye," alisema. Kisha tena, kwa sauti ya mtu mwenye boma: "Mimi ni Asangalwisye."

Skrini ikafikiri. Ikapima. Ikageuka kijani, na mahali palipokuwa wazi tangu siku ya kwanza pakaandikwa jina.

Waliona mkumbushi anavyomrudia. Mabega yalishuka, mkono ukaenda sikioni, ukakaa pale. Alikuwa akinong'onezwa mengi: mke, mwana, makaburi ya alfajiri ya Pasaka, redio, nyumba hii. Na kwa kuwa mashine ilikuwa imeamka na inasikiliza, na kwa kuwa maneno yaliyosemwa muda mfupi uliopita yalikuwa bado akilini mwake, alijua pia nani amelitamka jina lake, na amelitamkia wapi.

Tusekile alisubiri akiwa amepiga magoti. Hakujua adhabu yake ni ipi. Katika boma lile hakuna aliyewahi kufanya alichokifanya. Alifikiri pengine kesho sahani itarudi bila ujumbe.

Mzee alikohoa kikohozi kile alichokijua Tusekile. "Sekela," alisema, "mwambie..."

Akaishia hapo. Moto ukaendelea kulia, mvua ikaendelea kupiga bati. Sekela alisubiri kuambiwa cha kupeleka, kama siku zote, na hakuambiwa.

Mzee akateremsha blanketi usoni. Hakugeuka, alibaki akitazama ukuta, mgongo wake mwembamba ukiuelekea mlango, na alipozungumza hakumtuma mtu.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Mvua inakunyeshea."

Tusekile akavua viatu vyake vyenye tope, akavipanga kando ya kizingiti, akaingia.